Nani Anaangusha Matumba ya Mzee Kimya

Watu wote wanaohusika, na wale wasiohusika lakini watakuja tu kusikiliza, wanatangaziwa kwamba katika nyumba ya tatu baada ya bomba la maji mti mmoja wa hibiskasi umekataa kuchanua. Kwamba matumba yake yanadondoka kabla hayajafunguka kuwa maua. Kwamba jambo hilo si la bahati mbaya. Na kwamba mshukiwa, mpaka itakapothibitishwa vinginevyo, ni kila mtu mwenye mikono.

Tangazo hilo halikubandikwa popote. Lilitolewa kwa mdomo, asubuhi, na mwenye mti mwenyewe, akiwa mlangoni kwake na taulo shingoni na mswaki mkononi. Mtaa mzima ulilisikia. Na ungeachaje kulisikia? Mwenye mti alikuwa amelipwa maisha yake yote kwa kupaza sauti.

Alikuwa mwita kesi mahakamani. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni, kuita majina ya walioshtakiwa, na, minong'ono ikizidi, kupaza sauti: "Kimya!" Neno hilo alilisema mpaka likamganda, akastaafu nalo, na mtaani hakuna aliyemjua kwa jina jingine ila Mzee Kimya, ingawa hapakuwa na kiumbe aliyekaa mbali na kimya kuliko yeye. Sheria hakuisoma. Aliipata kwa kusimama karibu nayo, kama shati linavyopata harufu ya jikoni. Tena aliipata nusu nusu, kwa sababu kila kesi ilipofika patamu watu walianza kunong'ona, naye akaanza kupiga kelele, na kilichofuata hakukisikia. Alijua vizuri sana kesi zinavyoanza. Zinavyoisha, hakuwa na uhakika.

Mti wenyewe ulitoka huko huko kazini. Wiki ya mwisho, ofisi ilimuaga kwa soda na hotuba iliyomtaja kwa jina la mtu mwingine. Alipotoka akapita uani kwa mahakama, akakata kijiti cha hibiskasi, akakizungushia gazeti lililolowa, akakitia mfukoni pamoja na kikombe chake. Kijiti kikashika. Kikawa mti wa kumfika kifuani, halafu kichwani, kisha ukampita mbali, ukatoa maua mekundu mapana kama visahani vya chai, kila moja na ulimi wake wa manjano umetoka nje kana kwamba linamcheka mtu. Ua la hibiskasi haliishi sana: hufunguka asubuhi, jioni hujikunja, kesho yake liko chini. Hilo Mzee Kimya alilijua na hakulilalamikia. Ua lililochanua likaanguka lilikuwa limemaliza zamu yake. Alichoshindwa kukivumilia ni tumba kuanguka likiwa bado limefumbwa, kijani, halijaona hata asubuhi moja.

Hayo yalianza msimu wa joto ulipoingia. Kikonyo kilipauka, kikawa cha manjano, kisha tumba likaachia. Moja, halafu jingine. Mtu mwingine angeuangalia mti. Mzee Kimya akawaangalia watu.

Kwanza akalinda eneo la tukio. Pale matumba yalipoangukia kwenye udongo, alichomeka vijiti na kuzungushia uzi. Yaliyoangukia kwenye sakafu ya baraza aliyachorea duara kwa chaki. Uzi na chaki vilikuwa vya mkewe, fundi cherehani, ambaye alishonea watu hapo hapo barazani.

"Uzi wangu mwekundu uko wapi?" mkewe aliuliza.

"Umechukuliwa kwa ajili ya uchunguzi."

"Nani kauchukua?"

"Uchunguzi."

Mkewe akashika ufagio, akaanza kuelekea kwenye mti.

"Hapo pasifagiwe!" Mzee Kimya akaruka. "Ushahidi hauguswi."

"Ushahidi gani, baba? Hizo ni takataka."

"Ndivyo anavyosema kila mwenye jambo la kuficha."

Mama fundi aliutazama ufagio, akamtazama mumewe, kama anayepima kipi kitavunjika kwanza. Kisha akarudi kwenye cherehani. Matumba yakabaki pale yalipoangukia, yakiheshimiwa, yakilindwa kwa uzi wa kushonea magauni. Waliokuwa ndani ya matumba hayo walifurahi sana, lakini hao watafikiwa.

Tumba moja alilitoa likawa kielelezo. Alilitia kwenye chupa ya jamu pamoja na udongo wa pale lilipoangukia, akaifunika chupa kwa kipande cha neti, akakikaza kwa uzi, akaiweka juu ya kabati la sebuleni pembeni ya redio. Wageni wakiuliza ni nini, aliwajibu kwamba suala hilo liko mikononi mwa vyombo husika. Vyombo husika vilikuwa yeye na ile chupa.

Siku nyingine akashika jani, vidole vikanata. Akayanusa. Akalamba kidogo. Tamu. Hapo akapata jibu: mtu anaumwagia mti soda! Na wanywaji wa soda aliwajua, walikuwa wateja wa mkewe, wanaokaa barazani wakisubiri nguo. Akamvaa mama mmoja aliyekuja kupimwa gauni, chupa ya soda tupu miguuni pake.

"Mama, soda yako umeimalizia wapi?"

"Tumboni."

"Yote?"

"Mzee, unataka nikurudishie?"

Mama fundi, pini mdomoni, aliikaza futi aliyokuwa anapimia kiuno cha mteja mpaka mteja akaguna. Mzee Kimya aliona pia sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina kwa mstari, kila mmoja na shughuli zake. Laiti angewafuata. Angeugeuza upande wa chini wa jani na kuwakuta vidukari, wadogo kama chembe za mchanga, wamejazana wananyonya utomvu na kudondosha ule utamu. Lakini mtu aliyezoea kuita watu mlangoni huwatazama watu usoni. Kugeuza majani hakukuwa sehemu ya ajira yake.

Baada ya soda, akaamua mpaka ulindwe.

Upande wa pili wa mti, ng'ambo ya kiukuta kifupi, alikaa shemeji yake, kaka wa mkewe, Kinyozi. Chumba chake cha mbele kilikuwa na kiti cha kuzunguka ambacho hakikuzunguka tena, kioo chenye ufa, na mashine za kunyolea zilizonguruma tangu asubuhi. Alikuwa mrefu kiasi kwamba mlango wake mwenyewe ulimlazimisha kuinama, na kiukuta kile kwake kilikuwa kama kizingiti tu. Kila jioni alikivuka kwa hatua moja, ubao wa drafti kwapani, vizibo vya soda vikilia mfukoni, wakacheza na kutukanana mpaka chakula kiive. Miaka yote hiyo hakuna aliyejua nani kamfunga mwenzake mara nyingi zaidi, kwa sababu kila mmoja alijua ni yeye.

Juu ya kiukuta hicho Mzee Kimya akapigilia mabati mapya, yanang'aa, yakapanda juu kuliko mti. Aliyeyashikilia yasianguke wakati wa kupigilia ni shemeji, kwa kuwa ndiye aliyefika juu bila ngazi.

"Unamzuia nani, shemeji?"

"Bado hajajulikana."

"Haya. Akijulikana nisalimie. Nipe msumari mwingine."

Tangu siku hiyo shemeji alizunguka kupitia getini. Na tangu siku hiyo mambo yakaharibika kabisa. Matumba yakaanguka kwa mafungu. Majani yakakunja kingo kama karatasi iliyopita karibu na moto.

"Hayo mabati yako yanatuunguza," mama fundi alisema, akijifuta shingo kwa kipande cha kitambaa. "Jua likiyapiga mchana, nashona kama niko ndani ya tanuri. Jana nimeanika blauzi hapo, imekauka kabla sijabana kibanio cha pili. Huo mti utapona vipi?"

"Joto halina mikono," alijibu Mzee Kimya. Na kwa kuwa mchana huo joto halikumhusu, akaingia ndani kulala, kama alivyolala kila mchana, feni ikimpepea miguu.

Alipoamka, akakagua eneo, na hapo ndipo alipopata kile alichokiita mwanga. Matumba yaliyoanguka yalikuwa ya juu. Yale ya chini, yaliyojificha kwenye kivuli cha majani, mengi yalikuwa bado yameshika. Akarudi nyuma, akapima kwa mkono wake. Hakufika. Akatazama mabati. Akawaza ng'ambo ya mabati. Jasho likamtoka, na kwa mara ya kwanza halikuwa la joto.

Jioni shemeji alikuja, akapanga vizibo.

"Shemeji," Mzee Kimya alianza, "wewe una urefu gani?"

"Wa kutosha kukufunga."

"Jibu swali."

"Cheza kwanza."

"Matumba ya juu yameanguka yote, ya chini yamebaki. Mkono uliofanya hivyo ni wa mtu mrefu. Mtu asiyependa kuinama."

Kinyozi alicheka. "Mimi nisipende kuinama? Nanyoa watu waliokaa, bwana. Mgongo wangu ungekuwa na mdomo ungekushtaki wewe."

"Leo mchana ulikuwa wapi?"

"Kwenye kichwa cha mwenye duka la misumari."

"Muda wote?"

"Nusu ya kichwa. Akapigiwa simu, akaondoka na nusu iliyobaki. Nenda kamtazame, kielelezo anatembea nacho."

Hapo palikuwa pa kuachia. Mama fundi alikuwa anacheka, shemeji anacheka, kizibo kimeshasogezwa. Lakini Mzee Kimya hakuwahi kujua kesi zinavyoisha. Akasimama, akalielekea geti, akaweka mikono nyuma, na kwa ile sauti iliyokuwa ikitikisa vioo vya mahakama akaita: "Kinyozi! Kinyozi! Kinyozi!" Mara tatu, kama anavyoitwa mshtakiwa. Milango ikafunguka. Wenye ndoo bombani wakageuka. Mwenye duka la misumari naye akatoka, nusu ya kichwa ikimeremeta.

Shemeji alikusanya vizibo vyake kimoja kimoja, akavitia mfukoni. Ubao akauacha.

"Nilikushikia mabati, shemeji," alisema, akainama kupita getini japo geti halikuwa na paa.

Cherehani ikanyamaza.

"Huyo uliyemwita kama mwizi wa kuku," mama fundi alisema taratibu, "ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka hospitali siku uliyovunjika mguu."

"Ndiyo maana naujua urefu wake," alisema Mzee Kimya, na papo hapo akatamani maneno yarudi kinywani.

Hayakurudi. Kaka mtu aliitwa, akaja kimya kimya, akabeba kichwa cha cherehani, dada mtu akabeba mkasi, futi na magauni ya watu. Getini aligeuka.

"Nimeolewa na wewe, sijaolewa na mahakama. Siku utakayomtaka radhi ndugu yangu kwa sauti ile ile uliyomwitia, nitarudi. Ila usije ukanong'ona, sitasikia. Kuna mabati."

Nyumba ikawa kubwa ghafla. Chai aliyoipika ilikuwa na rangi tu. Jioni ubao wa drafti ulikaa mezani bila vizibo, kama mdomo usio na meno. Ng'ambo ya mabati alisikia cherehani ikikimbia, mashine ya kunyolea ikinguruma, na mara nyingine kicheko. Kila kicheko alikichukulia kuwa ni cha kumcheka yeye. Akakesha na wazo moja: akimnasa mkosaji kwa macho yake, watakoma kucheka, na mke atarudi bila yeye kumtaka radhi mtu yeyote.

Kwa hiyo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu astaafu. Hakulala mchana. Alijifunika kichwa kwa taulo, akakaa kwenye kiti cha mkewe, baina ya mti na mabati, akasubiri.

Kwanza mtaa ulitulia. Kisha jua likayapata mabati, na mabati yakalirudisha lote usoni kwake. Taulo likapata moto. Mkono wa kiti ukamuunguza kiwiko. Hewa ilitetemeka, mti ukaning'iniza majani kama nguo mbichi, na Mzee Kimya, macho yakimwaka, akaona tumba moja la juu limepauka kwenye kikonyo. Akalikazia macho. Hakuna aliyepita. Hakuna aliyevuka. Tumba likaachia, likaanguka kwenye kiatu chake.

Alitazama kulia. Alitazama kushoto. Akajitazama mwenyewe, na kwa uaminifu akajihoji: Ulikuwa wapi tukio likitokea? Hapa. Na nani? Peke yangu. Nani alileta mabati? Swali hilo hakulijibu, akainuka kwenda kunywa maji kabla hajazirai mbele ya mahakama yake mwenyewe.

Sebuleni, glasi ya maji mdomoni, macho yakaiangukia chupa ya jamu. Ndani yake kulikuwa na vijinzi. Vidogo kuliko mbu, miguu kama nyuzi, wametua kwenye neti kwa upande wa ndani. Nani kawaingiza? Neti aliifunga yeye. Uzi aliukaza yeye. Chupa hiyo hakuna aliyeigusa, maana kila aliyeisogelea alifokewa.

Akarudi mbio nje, akaliokota tumba la kwenye kiatu, akalipasua kwa ukucha. Ndani yake vifunza vya manjano, vyembamba kama pindo la uzi, vilikuwa vinajinyonga. Kimoja kikajikunja, kikajirusha kutoka kiganjani mpaka kwenye udongo, na udongo ukakimeza. Mzee Kimya akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Akayatazama maduara yake ya uzi mwekundu, matumba yaliyooza ndani yake bila kuguswa na ufagio, na udongo chini yao ambao siku zote hizo aliupa ulinzi. Washtakiwa walikuwa wanalala hapo, wanakua hapo, wanaruka kurudi juu kutaga kwenye matumba mapya, na yeye ndiye aliyekuwa bawabu wao. Yale ambayo vijinzi viliyaacha, mabati yake yaliyamalizia.

Palikuwa na njia nyepesi, na aliiona vizuri. Afagie. Ang'oe mabati kidogo kidogo, aseme upepo. Halafu maua yakichanua atangaze kwamba mwizi ameogopa, na nusu ya mtaa ingeamini. Aliishika njia hiyo akilini kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kusimuliwa. Kisha ng'ambo akasikia cherehani ikianza pindo jipya, ile sauti iliyomlaza mchana miaka yote, na sasa ilikuwa inamlaza mtu mwingine. Akaweka kiganja kwenye mabati. Yakamuunguza. Akaguta:

"Kimya!"

Mazoea tu. Cherehani ikasimama. Mashine ya kunyolea ikasimama. Bombani mtu akafunga maji.

"Kinyozi! Kinyozi! Kinyozi! Hana kesi ya kujibu!"

Kisha sauti ya shemeji ikatoka ng'ambo, haina haraka.

"Nani anaita?"

"Shemeji yako."

"Mkosaji kapatikana?"

"Kapatikana. Wadudu. Wamo ndani ya matumba."

"Na nani mwingine?"

"Mabati."

"Mabati ya nani?"

Akajibu kitu.

"Ongeza sauti, bwana, kuna mabati."

"Yangu! Nimeyaweka mimi, yameunguza mti, na wadudu nimewalinda mimi, kwa uzi wa mke wangu! Nimekukosea, shemeji, nisamehe!"

"Uzi upi?" mama fundi akauliza.

"Mwekundu."

"Nilijua."

Mabati yakashuka jioni hiyo hiyo. Aliyeyashikilia yasimwangukie Mzee Kimya ni yule yule, na alitaka kujua kila msumari uking'oka kama nao ni kielelezo. Mama fundi alirudi na cherehani yake, akashika ufagio na kufagia kila tumba, maduara na vyote. Wakayafunga kwenye mfuko wa plastiki, wakayachoma moto. Kinyozi akachemsha maji ya sabuni, akainama (akasisitiza aonekane anainama) akaosha majani upande wa chini mpaka vidukari wakadondoka, na sisimizi, wakikosa cha kulamba, wakaenda zao. Mchana mti ulifunikwa shuka kuukuu, asubuhi ukanyweshwa maji taratibu. Matumba yaliendelea kuanguka kwa muda. Mzee Kimya aliyaokota mwenyewe kabla hayajapoa, bila kumtazama mtu.

Kisha, asubuhi moja, ua likafunguka. Juu kabisa, jekundu, ulimi nje. Habari ikafika bombani na ndoo zikaja. Mwenye duka la misumari alikuja, kichwa kikiwa kimekamilika. Yule mama wa soda alikuja na gauni lake jipya. Kinyozi akavuka kiukuta kwa hatua moja, ubao wa drafti kwapani, akasimama chini ya ua, akakohoa.

"Mabibi na mabwana," alisema kwa sauti ya hakimu aliyekula vizuri, "baada ya kesi ndefu, iliyotuvunjia undugu na kuurudisha, iliyomchosha dada yangu na kuumaliza uzi wake, mti huu umeshinda. Mzee Kimya, mtaa mzima unakusikiliza. Una neno gani mbele ya ua hili?"

Watu wakashusha ndoo chini. Hata mama fundi aliondoa mguu kwenye cherehani. Mzee Kimya akalitazama ua, akawatazama waliokusanyika, mmoja mmoja, mikono yao kwanza, halafu akavuta kiti.

"Jioni litaanguka," alisema. "Nakaa hapa nione nani atakuwa karibu."